Kabla hujabadilisha vitoa hewa vya rejeta zako

Kwanza jua mfumo ulio nao. Tazama rejeta, yaani kile chuma kinachopasha chumba joto: kama bomba linaloingia ni moja tu, na upande wa pili kuna kikopo kidogo cha chuma kinachofanya "fsss" boila (mtambo unaochemsha maji kuwa mvuke) ikiwaka, basi una mvuke wa bomba moja na maneno haya yanakuhusu. Kama mabomba ni mawili, au kinachozunguka humo ni maji ya moto wala si mvuke, ishia hapa, usije ukaharibu kitu kizima.

Kikopo hicho ndicho kitoa hewa. Boila ikizima, mabomba hujaa hewa, na mvuke hauwezi kuingia mahali ambapo hewa haijatoka. Kitoa hewa kinaiachia hewa itoke, kisha mvuke ukikigusa kinajifunga kwa joto lake. Kikipoa kinafunguka tena. Kikishindwa kujifunga, chumba kinajaa mvuke na ukuta unalowa. Kikishindwa kufunguka, rejeta inabaki baridi hata uwashe boila kutwa.

Usiguse chochote kikiwa cha moto. Zima boila, subiri ipoe.

Pima uzi, yaani mikunjo ya skrubu ya kitoa hewa, kabla ya kununua. Kwenye rejeta nyingi ni inchi 1/8, kwenye bomba kuu linalotoa mvuke kwenye boila mara nyingi ni inchi 1/2 au 3/4. Zungushia uzi huo thredi tepu (utepe wa kuziba uvujaji), kaza kwa mkono, malizia na spana kidogo tu. Ukikikata kitoa hewa ndani ya tundu la rejeta ya zamani, siku yako imeisha. Na kisimame wima. Kikilala, maji ya mvuke uliopoa hayarudi, yanakusanyika humo humo.

Weka pima maji juu ya rejeta. Lazima rejeta iinamie kidogo upande wa vali, ile koki ya bomba linaloingia, kwa sababu maji yanarudi kwa bomba lile lile lililoleta mvuke. Vali yenyewe ni wazi kabisa au imefungwa kabisa. Nusu nusu inazuia maji kurudi, halafu unasikia kishindo na kumlaumu aliyekuuzia kitoa hewa.

Sasa kosa langu.

Nilikuwa na chumba cha kulala mwisho wa nyumba, baridi kila usiku. Nikasoma kwamba vitoa hewa huja na matundu ya ukubwa tofauti, vingine vya polepole, vingine vya haraka. Nikajiambia, kama haraka ni nzuri, haraka zaidi ni nzuri zaidi. Nikanunua vya tundu kubwa kuliko vyote, vya rejeta zote saba, nikavifunga Jumamosi moja huku najisifu.

Usiku ule nyumba ilipumua kama mtu mwenye pumu. Rejeta za karibu na boila zilishika moto mara moja, sebule ikapata joto, themostati (kidude kinachopima joto na kuwasha au kuzima boila) iliyoko sebuleni ikaridhika na kuzima boila. Chumba cha mwisho? Baridi vile vile. Mimi nikapandisha presha ya boila. Usifanye hivyo! Mifumo ya nyumbani hutosheka na presha ya chini ya pauni 2 kwa inchi ya mraba, na mingi huenda vizuri kwa chini ya hapo. Saa tisa usiku mabomba yakaanza kugonga kama mtu anavunja ukuta, na vitoa hewa vikatema maji ya kutu kwenye rangi niliyopaka mwezi uliotangulia. Mvuke ulikuwa unakimbilia kwenye rejeta kwa kasi hata maji yanayorudi hayapati njia. Yanasukumwa juu, yanatokea kwenye tundu.

Nikamwita fundi, mzee wa makamo. Hakugusa rejeta hata moja. Aliuliza tu, "Mwanangu, cha bomba kuu kiko wapi?"

Nikamjibu, "Kipi hicho, mzee?"

Alishuka chini na tochi, akalifuata bomba kuu mpaka mwisho wake. Kitoa hewa chake kilikuwepo, kimepakwa rangi juu ya rangi, kimekufa miaka mingi. Akakitoa, akaniagiza niwashe boila, akashika kipande cha karatasi mbele ya tundu. Karatasi ikapepea. Alipohisi bomba linapata moto karibu na tundu, akaamuru nizime haraka. (Usilijaribu hilo peke yako, mvuke unaunguza.) Hewa yote ya bomba kuu, kwa miaka, ilikuwa inalazimishwa kupita kwenye vitundu vya rejeta. Fikiria: bomba la inchi 2 hubeba kama lita 2 za hewa kwa kila mita. Mita kumi ni lita ishirini na zaidi, kabla mvuke haujaifikia rejeta ya mwisho.

Alifunga vitoa hewa viwili vikubwa pamoja kwenye tii moja (kiungo cha bomba chenye umbo la T), juu ya kipande cha bomba kilichosimama, kama sentimita 20. Hakuviweka kwenye ncha kabisa bali nyuma ya kona ya mwisho, kama sentimita 40, kwa sababu maji yakija kwa kasi hupiga pale penye ncha na kuua kitoa hewa. Kabla yake mvuke ulichukua zaidi ya dakika ishirini kufika mwisho. Baada yake, dakika nne. Kisha akavirudisha vya polepole kwenye rejeta za karibu na ile ya sebuleni yenye themostati, na kuacha cha haraka chumba cha mwisho peke yake. Vile vyangu sita vilivyobaki bado viko kwenye droo.

Kwa hiyo anzia bomba kuu, tena toa hewa yake haraka kadiri uwezavyo. Kama mabomba makuu ni mawili, kila moja lina chake, na mvuke ufike mwisho wa yote karibu kwa wakati mmoja. Rejeta zije baadaye, polepole, moja baada ya nyingine, na usibadilishe zote kwa siku moja la sivyo hutajua kipi kimesaidia.

Mengine unayajua. Usipake rangi kitoa hewa. Tazama kioo cha boila kinachoonyesha kiasi cha maji yaliyomo kila wiki. Ukikuta mabomba ya zamani yamefungwa kwa kitu cheupe kama plasta, usikikwangue, huenda kina asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu, mwite anayejua. Kengele ya kutambua kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, iwe nje ya mlango wa chumba cha kulala, na betri yake uiangalie leo, maana boila haisubiri ukumbuke.