Jinsi ya kulinganisha upasuaji wa matundu na wa kufungua tumbo kwa uvimbe wa kongosho

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Ndugu wa mgonjwa huja wakiulizia roboti, yaani aina ya upasuaji wa matundu, ambao vifaa hupitishwa kwenye matundu madogo ya tumbo badala ya kulifungua. Nami huwauliza kwanza: uvimbe umekaa wapi? Mwombe daktari akuonyeshe kwenye picha ya CT, maana bila jibu hilo hakuna cha kulinganisha.

Ukiwa kwenye mkia wa kongosho, upasuaji wa matundu una faida ya kweli. Kipande hukatwa na kutolewa, basi, utumbo hauguswi. Katika utafiti wa LEOPARD wa Uholanzi, waliopasuliwa kwa matundu kwa kawaida walirudia hali ya kujimudu siku ya 4, waliofunguliwa tumbo siku ya 6. Uliza pia kama bandama itabaki. Ikitolewa, mgonjwa anahitaji chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo, ikiwezekana wiki 2 kabla.

Ukiwa kwenye kichwa cha kongosho, mambo ni mengine. Hapo ni upasuaji wa Whipple: kichwa cha kongosho hutolewa pamoja na duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) na kifuko cha nyongo, kisha kongosho lililobaki, mrija wa nyongo na tumbo huungwa upya na utumbo. Muungano wa kongosho ndio unaotunyima usingizi wodini, kwa sababu ukivuja, majimaji yake hula nyama za jirani na hata mishipa ya damu. LEOPARD-2, uliolinganisha Whipple ya matundu na ya kufungua, ulisitishwa kabla ya wakati: matatizo ya upasuaji yaliua 5 kati ya 50 upande wa matundu, 1 kati ya 49 upande wa pili. Idadi ni ndogo, huenda ni bahati tu, lakini mimi siwezi kuipuuza.

Roboti humpa daktari vifaa vinavyojipinda kama kiwiko cha mkono na picha yenye kina, hivyo kushona ndani kunakuwa rahisi zaidi. Anayepasua bado ni daktari. Kwa hiyo muulize bila haya: unafanya Whipple ngapi kwa mwaka? Ngapi kwa njia hii unayonishauri? Ngapi zilivuja? Asiyejua hesabu zake, tafuta maoni ya mwingine.

Mwisho, uliza ni wakati gani ataacha matundu na kufungua tumbo. Kufungua katikati ya kazi, damu ikizidi au uvimbe ukiwa umeshika mshipa, ni uamuzi wa kumlinda mgonjwa. Waambie ndugu wote hilo kabla ya siku yenyewe.