Kusoma slaidi ya malaria kwa hadubini: anza na mwanga

Mgonjwa akisema "nimekutwa na wadudu wawili", ujue kuna mtu wa maabara aliyeinamia hadubini kabla ya jibu hilo kuandikwa. Naandika kwa ajili ya mtu huyo, hasa mwanafunzi aliyeanza mafunzo ya vitendo. Tuseme slaidi yako imeshapakwa Giemsa, rangi inayowafanya wadudu waonekane, na imekauka kabisa.

1. Weka slaidi, damu ikiwa juu. Ukiigeuza, lenzi ya 10 itakuonyesha picha nzuri tu, lakini ya 100 haitashika fokasi hata ukeshe, kwa sababu unene wa kioo hauiruhusu kuifikia damu.

2. Tafuta sehemu nzuri kwa lenzi ya 10. Kwenye tone nene, yaani damu iliyowekwa nzito bila kutandazwa kuwa utando mwembamba, tafuta mahali ambapo rangi imetulia na seli nyeupe zimetawanyika vizuri. Skrubu kubwa ya fokasi itumie hapa tu.

3. Rekebisha mwanga. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chini ya jukwaa la slaidi kuna kondensa, inayokusanya mwanga wa taa. Kwa lenzi ya 100, ipandishe hadi ikaribie kugusa slaidi, kisha fungua diaframu, yaani tundu lake la kupitishia mwanga. Ukiona mwanga umezidi, punguza taa yenyewe. Kondensa iache palepale.

Nilipokuwa mafunzoni niliandika "hakuna wadudu" kwenye slaidi ya mtoto. Msimamizi wangu alikaa kwenye kiti changu, hakugusa slaidi, akapandisha kondensa. Nilipotazama tena, pete, yaani wadudu wachanga wenye umbo la pete, zilikuwepo, nyingi. Macho yangu yalikuwa yamepita juu yake. Tangu siku hiyo mkono wangu huanzia kwenye kondensa.

4. Tia tone moja la mafuta, zungusha lenzi ya 100 mpaka ilie "tak". Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda, na miale ya pembeni haifiki kwenye lenzi. Mafuta haya hupindisha mwanga karibu sawa na kioo, kwa hiyo miale hiyo inapita, na ndiyo inayokupa picha kali. Ukiwa na lenzi ya jicho ya 10, sasa unakuza mara 1,000. Tumia skrubu ndogo peke yake, na tafadhali usirudishe lenzi ya 40 juu ya mafuta: ikishalowa, kila kitu kitaonekana kama kupitia kioo chenye mvuke.

5. Soma. Mdudu ana vitu viwili: nukta nyekundu ya kiini na saitoplazimu (sehemu inayozunguka kiini) ya bluu. Ukikosa kimoja, usimwite mdudu. Mabaki ya rangi huwa meusi, hung'aa, na mara nyingi yanakaa kwenye kina tofauti na seli nyeupe. Chezesha skrubu ndogo kidogo utayatambua.

Usiseme "hakuna" kabla ya kupitia angalau fildi 100 za tone nene (fildi ni eneo unaloliona kwa mara moja kwenye lenzi). Na wale "wadudu wawili" si wawili kweli. Ni plasi mbili, yaani wadudu 11 hadi 100 katika fildi 100. Mgonjwa aelezwe hivyo, maana wengine huondoka wakidhani wana vijidudu viwili tu mwilini. Mimi napendelea kuhesabu: ukipata wadudu 150 ukiwa umefikisha seli nyeupe 200, zidisha 150 kwa 8,000 (makadirio ya seli nyeupe katika mikrolita moja ya damu), gawanya kwa 200, unapata 6,000 kwa kila mikrolita ya damu. Wakiwa chini ya 100, endelea hadi seli nyeupe 500.

6. Safisha kabla hujainuka. Futa mafuta kwa karatasi laini ya lenzi, si kwa pamba wala pindo la koti. Kwa walioko Tanga, Mombasa au Unguja, unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, nayo ikishaota haifutiki kwa karatasi. Subiri taa ipoe, funika hadubini, na usiku ihifadhi kwenye kabati kavu lenye balbu ndogo inayowaka.