Kumpeleka Mtoto Mpenda Kuonja kwenye Mgahawa wa Hadhi ya Juu

Wapo watoto ambao, badala ya kukunja uso wanapoona chakula kigeni, hunyoosha mkono kwenye sahani ya mama yao ili nao waonje. Mtoto wa namna hiyo anastahili kuketi kwenye meza nzuri na kuhudumiwa kama mgeni kamili, lakini mzazi asisahau kwamba ulimi wake umekomaa kuliko miguu yake. Anaweza kumla pweza bila woga wowote, ila kutulia kitini kwa saa mbili na nusu ni jambo jingine kabisa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maandalizi inahusu muda kuliko chakula.

Unapopiga simu kuweka nafasi, taja umri wa watoto na uulize kama mpishi anaweza kuandaa nusu ya sahani ya watu wazima, kwa sababu migahawa mingi hukubali jambo hili ikiombwa mapema. Mzio wowote utajwe papo hapo kwenye simu, kwani mchuzi ambao umeshapikwa kwa siagi au kwa karanga hauwezi kubadilishwa mkiwa mmeshaketi. Omba meza ya saa ya kwanza ya kufungua, jikoni kungali na utulivu. Mlo maalumu wa sahani nyingi ndogondogo, ambao aghalabu huchukua saa tatu, ningeuacha mpaka mtoto afikishe miaka kumi hivi. Kabla ya hapo ni bora kuchagua sahani moja moja.

Siku chache kabla ya kwenda, pangeni meza nyumbani kama itakavyokuwa kule. Mtoto akijua kwamba vijiko na uma vya pembeni kabisa hutumika kwanza, kisha mtu huendelea kuelekea kwenye sahani, na kwamba kitambaa hukaa mapajani, ataingia mgahawani bila hofu ya kukosea. Kama menyu imewekwa kwenye tovuti, isomeni pamoja.

Mkishaketi, mwache mtoto aagize mwenyewe kwa kumtazama mhudumu usoni, hata kama atataja jina la chakula kwa kubabaika. Menyu ya watoto, ambayo mara nyingi haina zaidi ya chipsi na vipande vya kuku, irudisheni kwa upole. Vianzio viwili humfaa kuliko mlo mkuu mmoja, kimoja kikiwa kigeni na kingine cha aina anayoijua, ili ujasiri wake usimlaze na njaa. Angalia pia kikapu cha mkate, kwani mtoto mwenye njaa anaweza kushiba kabla hata sahani ya kwanza haijafika.

Tonge la kwanza halihitaji hotuba. Mara ya kwanza mwanangu kuletewa kome, nilichukua mmoja, nikatoa nyama yake kwa uma, kisha nikatumia lile ganda tupu kama koleo kumng'oa wa pili. Hakungoja kuelezwa zaidi. Alivuta bakuli, akaanza kubana na kung'oa mmoja baada ya mwingine, na mchuzi ukimchirizika hadi kwenye kiwiko sikumkemea. Mtoto akikataa chakula, msimlazimishe wala msimcheke. Mwonyesheni tu namna ya kukitema kimyakimya ndani ya kitambaa. Mara nyingi mtoto huhitaji kuonja kitu mara 8 hadi 15 kabla ya kukizoea.

Hata hivyo, hamu ya kuonja isivuke mipaka ya usalama. Chaza wabichi, samaki mbichi na nyama isiyoiva vizuri visimfikie mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka mitano, na watoto wa umri huo wasipewe karanga au korosho nzima kwa sababu zinaweza kuwapalia. Samaki wakubwa wawindaji, kama papa, hukusanya zebaki nyingi mwilini, hivyo wasimfikie mtoto wa umri wowote. Ulizeni pia kuhusu michuzi ya mvinyo, kwa kuwa kileo hakipotei chote wakati wa kupika kama wengi wanavyodhani.

Kati ya sahani na sahani, mzazi mmoja atoke na mtoto wakanyooshe miguu nje kwa dakika tano, baada ya kumwarifu mhudumu ili chakula kisiletwe kikapoa. Akianza kusinzia au kulia, ombeni bili mara moja na kitindamlo kifungwe mwende nacho, kwani wageni wa meza nyingine nao wamelipia jioni yao. Ikiwa bado ana nguvu na jikoni hakujaelemewa, mhudumu aombwe kumfikishia mpishi swali moja la mtoto. Wangu aliuliza kwa nini kome wengine walibaki wamefunga mdomo, na mpishi akatoka mwenyewe, akachuchumaa kando ya kiti chake, akamweleza kwamba kome asiyefunguka kwenye moto huwekwa kando, haliwi.