Kabla hujamwita mkaguzi wa ISO 45001, weka sawa haya

Siku hizi kampuni nyingi zinataka cheti cha ISO 45001, kiwango cha kimataifa cha mfumo wa usalama na afya kazini, kwa sababu kuna tenda zinakiuliza, na haraka ya tenda ndo inayowafanya watu wakimbilie kununua mafaili. Yani mtu anatafuta konsaltanti, analetewa sera, fomu na manuali yenye logo ya kampuni, anaona kamaliza. Mkaguzi atayasoma hayo mafaili ndio, ila akishayasoma atashuka kwa mafundi, atamuuliza kijana wa kwenye msumeno hatari za kazi yako ni zipi, ukiona kitu hakiko sawa unamwambia nani, mara ya mwisho ulisema nini na kikafanyika nini. Kijana akibaki anamwangalia supavaiza, faili halitakuokoa. Kiwango chenyewe kipengele 5.4 kinataka wafanyakazi washirikishwe, sio wasomewe tu matangazo asubuhi.

Ila kabla ya hapo malizana na sheria. Kwa Tanzania ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Na. 5 ya mwaka 2003, angalia kama sehemu yako ya kazi imesajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, kama wafanyakazi wamepimwa afya, sio wakati wa kuajiriwa tu bali kila kipindi na wanapoondoka, kama mitungi ya presha, vifaa vya kunyanyulia na mifumo ya umeme imekaguliwa, na kama michango ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, inaenda. Aliyeko Kenya ana sheria ya usalama kazini ya 2007 na DOSHS, idara ya serikali inayoisimamia, na ukifikisha wafanyakazi 20 lazima uwe na kamati ya usalama. Andika yote kwenye rejista moja, nani anasimamia na lini inaisha muda.

Sasa kwenye kutambua hatari, hapa usiwe na haraka kabisa. Chukua karakana ya fenicha. Orodha ya ofisini itaandika vumbi, kelele, moto, basi. Ukikaa na wenyewe wanaofanya kazi utasikia mengine, kwamba kinga ya msumeno imefunguliwa maana inachelewesha oda, kwamba thina inamiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa, kwamba saidia fundi wa juzi kawekwa kwenye randa bila mtu kumwelekeza, kwamba wa zamu ya usiku hawana ufunguo wa mlango wa nyuma. Hayo ndo ya kuandika. Na usikimbilie barakoa na glavu, vifaa vya kinga vinakaa mwisho kabisa kwenye mpangilio wa kudhibiti hatari: unaanza kwa kuiondoa hatari yenyewe, ikishindikana unabadilisha, mfano rangi ya maji badala ya ile ya thina, kisha mitambo kama ya kunyonya vumbi palepale linapotoka, kisha taratibu na mafunzo, ndo unafika kwenye barakoa. Kampuni inayogawa barakoa tu huku vumbi limejaa hewani mkaguzi ataiuliza maswali magumu, na ni haki yake, mapafu ya mtu hayana spea.

Vibarua na makontrakta wengi wanawasahau. Yule wa kuchomelea aliyekuja siku mbili, walinzi, mama lishe anayepika ndani ya geti, wote wanaingia kwenye mfumo wako, usiseme hao sio wetu.

Bosi naye ajiandae maana atahojiwa yeye, hawezi kumtuma ofisa usalama amjibie. Aijue sera, ayajue malengo ya mwaka, na awe ametoa hela. Zoezi la moto lifanyike kweli na mliyoyaona yaandikwe, hata kama mlichelewa kutoka. Ajali ndogo na zile za kunusurika nazo ziandikwe, rejista tupu mwaka mzima kwenye karakana yenye misumeno hakuna atakayeiamini.

Kisha ukaguzi wa ndani na kikao cha menejimenti cha kupitia mfumo, hivi viwili vifanyike kabla, na tangu 2024 mnatakiwa pia kuangalia kama mabadiliko ya tabianchi yanawagusa, mfano joto kali kwenye majengo ya bati.

Mwisho chagua mtoa cheti kwa makini. ISO wenyewe, shirika linaloandika viwango, hawatoi vyeti. Uliza ana ithibati ya nani, yani nani kamthibitisha kwamba anafaa kutoa vyeti, SADCAS kwa nchi za SADC au KENAS kwa Kenya au nyingine inayotambulika, na akikwambia atakutengenezea mfumo halafu akukague mwenyewe achana naye, hairuhusiwi. Anayekuuzia OHSAS 18001, kiwango cha zamani kabla ya ISO 45001, anakuuzia kitu kilichokoma 2021. Ukaguzi unakuja kwa hatua mbili, ya kwanza utayari na nyaraka, ya pili kazini kwenyewe, cheti kinadumu miaka 3 ila kila mwaka wanarudi, kwa hiyo hela ya marudio iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.