Pima mwanga wa uso, si wa ukuta: kujifunza kupima mwanga kwa kamera ya filamu

Katika picha 36 za mkanda wangu wa kwanza, iliyoniuma ni moja: mjomba amesimama kwenye kivuli cha paa, kavaa shati jeupe, nyuma yake ukuta mweupe. Mshale wa kipimo, yaani kipima mwanga cha kamera, niliuweka katikati kama nilivyoelekezwa. Mkanda uliposafishwa, shati lilitoka la kijivu na uso umezama gizani, macho hayaonekani. Kipimo hakikuwa kibovu. Mimi ndiye sikujua kinafanya kazi gani.

Kipima mwanga cha kamera hakijui shati wala ukuta. Kila kinachowekwa mbele yake hukichukulia kuwa cha kijivu cha katikati, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Kielekeze kwenye weupe, kitakuagiza upunguze mwanga mpaka weupe uwe kijivu. Kielekeze kwenye koti jeusi, kitakuagiza uongeze. Basi ukipima cheupe, ongeza hatua mbili. Ukipima cheusi, punguza mbili.

Hatua moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuukata nusu. Kasi ya shata ni muda ambao mwanga unaingia, kwa sehemu za sekunde: kutoka 1/125 kwenda 1/60 umeongeza hatua moja. Namba za f ni ukubwa wa tundu la lenzi: kutoka f/8 kwenda f/5.6 pia ni moja, maana namba ikipungua tundu linapanuka. Kariri mfululizo huu mpaka uutaje usingizini: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16.

Sasa acha kipimo kwa muda, utoke nje na macho yako. Jua likiwa kali, weka f/16 na kasi ya shata inayokaribia namba ya filamu (ISO, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga): filamu ya ISO 400, kasi 1/500. Kisha tazama kivuli chako ardhini. Kingo zake zikiwa kali, baki f/16. Zikilegea, f/11. Kivuli kikionekana kwa taabu, f/8. Kikipotea kabisa, f/5.6. Anayepigwa picha akiwa kivulini na anga liko wazi juu yake, f/4. Mimi hukisia kwanza, ndipo natazama kipimo. Tukitofautiana hatua moja, sihangaiki. Zikiwa tatu, najiuliza kipimo kinatazama nini.

Kwa mkanda wa kujifunzia tumia filamu ya negativu, ile ambayo palipopata mwanga hutoka peusi na palipokosa hubaki angavu. Inavumilia mwanga ukizidi hatua moja au mbili, lakini ukipungua haikusamehi: pale ambapo mwanga haukufika hakuna kitu cha kuokoa. Ukibaki na shaka, ongeza. Filamu ya slaidi, inayotoa picha yenyewe moja kwa moja kwenye mkanda, ni kinyume chake. Ikizidishiwa mwanga inaungua, na nusu hatua tu inaonekana.

Chagua kitu kimoja kisichosogea, awe mtu aliyetulia au kiti, ukipige picha mara tano: kipimo kilivyosema, kisha hatua moja na mbili juu, moja na mbili chini. Andika kila picha kwenye daftari papo hapo: namba ya picha, tundu, kasi, ulipima wapi. Bila daftari mkanda mzima unapotea bure, maana filamu haikumbuki ulichoweka.

Negativu zikirudi, zishike mbele ya dirisha kabla hujatazama picha zilizochapwa. Mashine ya kuchapa husawazisha mwanga na kuficha makosa yako. Tafuta sehemu iliyokuwa na giza, mfano chini ya kidevu. Ikiwa angavu sawa na ukingo mtupu wa filamu, mwanga haukutosha. Ukiona mistari hafifu ya umbo, umepata.

Mjomba nilimpiga picha tena palepale, na shati lilelile. Nilipima ukuta peke yake: f/11 kwa 1/125. Weupe unadai hatua mbili zaidi, kwa hiyo f/5.6. Nikasogea mpaka shavu lake likajaa kioo cha kutazamia: f/4. Ngozi yake ni nyeusi kuliko kijivu cha katikati, nikapunguza hatua moja: f/5.6 tena. Njia mbili, jibu moja. Nikarudi nyuma, nikaacha mshale ulalamike unavyotaka, nikabonyeza. Kwenye negativu ile unahesabu mikunjo pembeni mwa macho yake, na kwenye picha iliyochapwa shati ni jeupe.