Kabla hujabeba rova kwenda saiti, kaangalie jua kwanza

Wapimaji wengi tukijiandaa kwenda saiti tunaangalia mvua, chaji ya betri na mafuta ya pikipiki, basi. Mi siku hizi naangalia na hali ya anga za juu, manake rova zetu, yaani vile vipokezi vya GPS tunavyopimia, zinakula mawimbi ya satelaiti na hayo mawimbi lazima yapite kwenye ayonosfia, lile tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, jua likilivuruga hata uwe na mashine ya bei gani utasoma floti, yaani kipimo kisichotulia, mpaka uchoke.

Siku mbili tatu kabla, fungua utabiri wa siku 3 wa NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya anga, ni bure. Kuna namba inaitwa Kp, inapima vurugu kwenye usumaku wa dunia, inaanzia 0 mpaka 9, ikifika 5 ishakuwa dhoruba ya G1, ile ndogo, ikigonga 9 ndo G5, kubwa kuliko zote. G5 ni nadra, ile ya Mei 2024 ilikuwa ya kwanza tangu Oktoba 2003, na kule Marekani wakulima wa mahindi ilibidi wapaki matrekta yanayoongozwa na GPS katikati ya msimu wa kupanda. Ila usiuamini utabiri kama saa ya ukutani, wingu la chembe zenye usumaku likishachomoka juani laweza kufika baada ya masaa 15 au hata siku 3, na kama litaleta vurugu inategemea usumaku wake umeelekea wapi, yaani ile Bz, ambayo inapimwa likishafika kwenye vyombo vilivyoko kama kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, hapo umebakiwa na dakika 15 hadi 60 tu. Kwa hiyo asubuhi angalia tena, Bz ikikaa hasi muda mrefu jipange.

Saa zao ni za UTC. Usihangaike, kwa saa zetu za Kiswahili unatoa 3 tu: UTC 15 ni saa 12 jioni.

Sasa hapa ndo wengi tunapigwa. Kp inaweza kuwa 2, kumetulia kabisa, na bado ukakosa fiksi, yaani kipimo kilichotulia cha sentimita, kwa sababu ikweta ya sumaku inapita Ethiopia na sisi Tanzania tuko kusini yake kidogo, pale ayonosfia inapokuwa nzito. Jua likizama yanatokea mapovu huko juu yanayofanya mawimbi yapepesuke, kuanzia kama saa 1 na nusu mpaka usiku wa manane, hasa mwezi wa 3, wa 4, wa 9 na wa 10. Mwezi wa 10 mmoja tulibakiza bikoni (alama za mipaka) mbili tukasema tumalizie na tochi, rova ikagoma nusu saa nzima, tukarudi kesho yake asubuhi fiksi ikaja ndani ya dakika moja. Miezi hiyo panga kazi iishe kabla ya magharibi.

Besi, yaani kile kipokezi kinachokaa sehemu moja kuisahihisha rova, iweke karibu na eneo la kazi, ili yenyewe na rova ziwe chini ya anga lilelile. Washa kurekodi data ghafi, RTK, yaani masahihisho ya papo hapo kutoka besi, ikikataa utachakata ofisini. Na hata ukipata fiksi, anza kwenye bikoni unayoijua, namba zikitofautiana na zake usiendelee, kuna fiksi za uongo.

Mwenye droni, kile kitufe cha kurudi nyumbani nacho kinategemea GPS hiyohiyo, so siku ya dhoruba irushe pale unapoiona kwa macho na uwe umeshajifunza kuishusha kwa mkono.