Kabla Hujaingia Kwenye Mtihani wa Uigizaji: Mambo ya Kuzingatia

Anza na karatasi ya maelekezo. Isome yote mpaka mstari wa mwisho: watahini wanataka vipande vingapi vya tamthilia, vya zamani au vya kisasa, dakika ngapi kila kimoja, na kama utapewa andiko usilowahi kuliona au utaigiza papo kwa papo. Ukiambiwa dakika 2, andaa kipande cha dakika moja na nusu. Siku yenyewe utameza mate, utatua mahali ambapo nyumbani hukutua, na muda ukipita utakatishwa kabla hujafika kwenye sentensi uliyoitegemea. Pima kwa saa huku ukiigiza kwa sauti kamili.

Chagua mhusika uliye karibu naye kwa umri. Kijana wa miaka 19 anayeigiza mzee anayekata roho anajitwika mzigo ambao hakuna aliyemwomba aubebe. Epuka pia kipande kinachoanza kwa kilio au makelele, kwa sababu ukianzia kileleni huna tena pa kupanda. Ukitakiwa kuleta vipande viwili, viwe tofauti kweli, kila kimoja kionyeshe upande wako ambao kingine hakiuonyeshi.

Soma tamthilia nzima. Muhtasari hautoshi, na watahini hugundua upesi. Stanislavski, Mrusi ambaye mwaka 1898 alianzisha jumba la maigizo la Moscow Art Theatre pamoja na Nemirovich-Danchenko, aliwataka waigizaji wake wayajue mazingira ya mhusika kabla ya kufungua kinywa: ni nani, yuko wapi, ni saa ngapi, ametoka wapi, anataka nini. Yajibu maswali hayo kwa kalamu. La mwisho ulijibu kwa kitenzi. "Ana huzuni" hakuigiziki. "Anataka kumzuia asiondoke" kunaigizika.

Sasa kukariri. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa na miezi miwili ya kujiandaa. Kipande changu kilikuwa cha dada anayemlaumu kaka yake aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Nilikifanyia mazoezi kila jioni mbele ya kioo, na kila sentensi niliipa mahali pake. Kwenye "ulijua" mkono wa kulia unapanda. Kwenye "sikulala" napiga hatua mbili mbele. Kisha nageuka, nahesabu moja hadi tatu kimoyomoyo, sauti inashuka. Waliokuwa chumba cha pili walikuwa wakikisikia, na kila jioni kilikuwa kile kile, pumzi kwa pumzi. Niliona huo ndio ukamilifu.

Siku ya mtihani nilikitoa bila kosa hata moja. Mama aliyekaa katikati ya jopo alinishukuru, akaandika kidogo, kisha akasema: "Sasa kaa kwenye kile kiti. Kaka yako amelala, na hutaki aamke. Mwambie maneno hayo hayo."

Nikakaa. Sentensi ya kwanza ikatoka. Ya pili ilikuwa na hatua zake mbili, nami nilikuwa nimekaa. Niliitafuta kwa miguu. Nakumbuka kisigino kikisogea chini ya kiti, kikitafuta pa kukanyaga. Sikupata kitu. Nikaruka kwenda ya tatu, nikaisema mara mbili, nikainuka, nikakumbuka nimeambiwa nikae, nikakaa. Yule mama alingoja bila haraka wala ukali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwishowe akasema, "Inatosha, asante." Sikupita.

Mwalimu mmoja alinieleza baadaye nini kilitokea mle ndani. Mara ya kwanza niliwaonyesha kwamba nimefanya mazoezi. Mara ya pili walitaka kuona kama ninafundishika. Mtahini anayekubadilishia maelekezo hajachukizwa na kazi yako, na mara nyingi ni dalili kwamba ameona kitu na anataka kuona zaidi. Mimi nilikuwa nimeyagandisha maneno kwenye misuli, kwa hiyo mwili ulipohamishwa, maneno yalibaki nyuma.

Basi fanya hivi. Kariri maneno yakiwa makavu, bila hisia wala madoido, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Yaseme ukifua, ukikunja nguo, ukitembea, ukiwa umelala chali, ukiwa umeinama. Kila siku mahali pengine na mkao mwingine. Kisha jua kwa nini kila sentensi inafuata ile iliyotangulia: amesema hili kwa sababu kaka hakujibu, akasema lile kwa sababu ameona jibu usoni. Neno likikupotea, wazo litalirudisha. Yakishakaa, mwite rafiki akuamuru ghafla: sema kama unaficha siri, kama umechelewa safari, kama unambembeleza, kama unamcheka. Usimruhusu akuonee huruma. Pitia mistari kabla ya kulala na ujipime asubuhi, kwa maana usingizi husaidia kumbukumbu kukaa. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anajiibia mwenyewe.

Ukisahau katikati, usiombe radhi wala usikunje uso. Toa pumzi, mtazame kwa mawazo mhusika unayezungumza naye, jiulize unataka nini kwake. Yasiporudi, omba kuanza upya mara moja tu, kwa utulivu. Na huyo unayezungumza naye umweke juu kidogo ya kichwa cha mtahini au pembeni yake. Usimkazie macho mtahini mwenyewe isipokuwa amekuambia, kwani yeye ana kazi ya kuandika na kukutazama.

Ukipewa andiko jipya, shika karatasi usawa wa kifua uso wako uonekane, na inua macho kila sentensi inapoisha. Usikimbie.

Hofu itakuja, na haimaanishi kwamba hufai. Laurence Olivier, akiwa tayari mmoja wa waigizaji wakubwa wa Uingereza, alishikwa na hofu ya jukwaa katika miaka ya 1960 na ikamwandama kwa miaka kadhaa. Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka na mikono kutetemeka ni kazi ya adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa ukiogopa. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6 au 8. Kutoa kukizidi kuvuta, mapigo hushuka. Sukuma ukuta kwa nguvu sekunde chache, kisha achia.

Sauti ipashwe moto nyumbani: guna taratibu, tetemesha midomo, piga miayo, kisha vitanza ndimi. "Wale wari wa Liwali wala wali wa Liwali" polepole, halafu kwa kasi, kila silabi isikike. Maji yanywe kidogo kidogo tangu asubuhi, maana yale unayobugia mlangoni yanalowesha mdomo tu na hayagusi nyuzi za sauti. Usipige kelele siku iliyotangulia, na usinong'one kutwa nzima ukidhani unaipumzisha sauti. Kunong'ona nako huichosha.

Vaa nguo unazoweza kuketi nazo sakafuni, na viatu ulivyofanyia mazoezi. Nywele zisifunike uso. Fika mapema. Ukiwa unangoja zamu, usisikilize nani ameandaa nini. Kila mwaka yupo anayebadilisha kipande mlangoni kwa sababu jirani yake ana kile kile.

Usikubali kidonge cha mtu. Dawa za kutuliza mapigo ya moyo, kama propranololi, hutolewa na daktari kwa anayezihitaji, na kwa mwenye pumu zinaweza kumbana pumzi vibaya sana. Usijaribu chakula kigeni siku hiyo, wala dawa ya kikohozi ambayo hujawahi kuitumia. Sauti ikikukauka siku mbili kabla, wape watahini taarifa siku hiyo hiyo, maana wakishakusikia ukiigiza, utakuwa umechelewa. Zima simu kabisa. Ukimaliza, tulia kidogo ndani ya mhusika, usijihukumu usoni, ngoja waseme, shukuru, na usisahau begi lako ukitoka.